Titi la Akiba: Daftari la Safari katika Kliniki za Plasta

Dar es Salaam maji ya kufungia plasta hayahitaji birika. Yanatoka bombani na uvuguvugu wake, yanamiminwa kwenye beseni, mtaalamu anachovya roli la plasta, anangoja mapovu yaishe, analikamua kidogo, kazi inaanza. Kijabe, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, asubuhi ya Julai ukungu unaufunika mlima Longonot na maji ya bomba yanakata vidole. Huko birika ni kifaa cha tiba sawa na mkasi. Iowa City, katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, muuguzi alifungua mabomba mawili, la moto na la baridi, akapima mchanganyiko kwa kiwiko kama afanyavyo bibi yeyote anayeogesha kichanga.

Kurasa za mwanzo za daftari langu zimejaa habari za maji, na sioni aibu. Plasta ina tabia inayowagonganisha mtaalamu na mtoto: maji yakiwa ya moto inaganda upesi, yakiwa ya baridi inachelewa. Mtaalamu angependa yapoe kidogo apate muda wa kuufinyanga mguu. Mtoto wa wiki mbili, akizungushiwa kitambaa kibichi cha baridi kuanzia vidoleni hadi pajani, anashtuka, anarusha mguu, anaangua kilio. Na mguu unaorushwa haufungiki. Plasta inajikunja, mkunjo unabana ngozi, wiki inayofuata ikifunguliwa kuna kidonda. Kwa hiyo kumtuliza mtoto ni huruma, lakini pia ni ufundi. Anayeshindwa kumtuliza hafungi plasta nzuri hata awe na vyeti vingapi. Hilo niliambiwa kote nilikopita. Palipotofautiana ni katika swali la nani anapewa kazi hiyo ya kutuliza, na anakalishwa wapi.

Watoto ninaowazungumzia ni wa mguu kifundo: wamezaliwa unyayo umegeukia ndani, kisigino kimevutwa juu, wakati mwingine nyayo mbili zinatazamana kama zinataka kuulizana jambo. Hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 800 hadi 1,000 wanaozaliwa, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Mama hakusababisha. Hakuna alichokanyaga, hakuna aliyemchezea, wala hakukaa vibaya akiwa mjamzito. Naandika hivi kwa sababu katika kila benchi nililokalia, kuanzia Msasani, Dar es Salaam, hadi Kisubi, Uganda, alikuwepo mama aliyekwisha kuambiwa kinyume chake na mawifi.

Tiba yao ina jina la mtu. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, akawa daktari wa upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawavusha majeruhi kupitia milima ya Pyrenees hadi Ufaransa, akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa. Huko aliona watu wazima waliopasuliwa miguu utotoni: miguu imenyooka, lakini migumu na yenye maumivu. Akaacha kisu, akaanza kuunyoosha mguu wa kichanga kidogo kidogo kwa vidole, akiufunga plasta baada ya kila hatua. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano hadi saba. Kisha wengi hukatwa ukano wa kisigino kwa ganzi, plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, halafu huja viatu vyenye ubao katikati. Kwa miongo mingi madaktari wenzake hawakumsikiliza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996, wazazi wakaanza kuambizana, na alipofariki mwaka 2009 njia yake ilikuwa imeenea duniani.

Hapa Afrika Mashariki ilishika mizizi kwanza Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa juhudi za Shafique Pirani, daktari wa Canada mwenye asili ya Uganda, na Norgrove Penny, Mkanada mwingine aliyekuwa akifanya upasuaji Kampala. Waliamua kuwafundisha maofisa tabibu wa mifupa badala ya kungoja madaktari bingwa wasiokuwepo. Ndiyo maana mikono niliyoitazama zaidi katika safari hizi si ya madaktari. Ni ya watu wanaoitwa tu "mtu wa plasta", wanaofunga miguu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri na jioni wanapanda daladala au matatu na unga mweupe kwenye kucha.

Je, inauma? Kila mzazi anauliza, na majibu niliyopewa hayafanani. Mtaalamu mmoja wa Dar alinijibu bila kuinua macho: "Ukiona inauma, ujue wewe unavuta. Huu mguu hauvutwi." Wa Kisubi alisema hivyohivyo kwa maneno mengine. Ponseti mwenyewe alifundisha mkono mwepesi: kidole gumba juu ya mfupa mmoja ulio mbele ya kifundo, na mkono wa pili unausogeza unyayo uende nje pole pole. Lakini ukikaa chumbani dakika kumi unaona mengine zaidi ya mfupa. Kuna kushikwa. Kuna kuvuliwa nguo. Kuna ubaridi, harufu ya chokaa, taa, sura ngeni. Kichanga hana namna ya kuyatenganisha hayo na maumivu, na sidhani inatuhusu sana kumtenganishia.

Iowa wana karatasi ya kupimia. Muuguzi anatazama uso, kilio, pumzi, mikono, miguu na namna mtoto alivyo macho, anatoa alama 0 hadi 7. Kuna kipimo kingine cha 0 hadi 10 ambacho nacho kinahesabu urushaji wa miguu. Nikajiuliza, mguu ukishafungwa plasta hadi pajani utahesabu nini? Muuguzi alicheka, akasema na wao huuliza. Hapa kwetu sikuona karatasi hiyo popote. Niliona mama akisema "huyu leo halii kilio chake", na mtu wa plasta akisimama kwanza akaangalia. Nisingependa karatasi ichukue nafasi ya sentensi hiyo, ingawa natamani sentensi hiyo ingeandikwa kwenye faili.

Niseme la hospitali moja ambayo sitaitaja, wala mkoa wake. Mlangoni kulikuwa na sauti moja tu: "Mama, subiri nje." Mtoto anapokelewa kama mzigo wa basi, mlango unafungwa, kilio kinaanza, na nje wamekaa akina mama sita wakitazama sakafu. Kila mmoja anajua sauti ya wake. Mmoja alikuwa amejishika kifua kwa kanga, maziwa yanamwagika kwa sababu mwili wa mama husikia kilio hata ukuta ukiwa katikati. Yaani dawa ilikuwa inalowesha gauni nje, na mgonjwa yuko ndani. Nilipouliza sababu niliambiwa akina mama "wanasumbua". Nimeona kliniki zenye akina mama ndani na zenye akina mama nje, na kelele kubwa zaidi niliikuta hapo.

Kinyume chake nilikiona Dar, katika chumba kisicho na kitu cha ajabu: meza, stuli, beseni, feni inayolalamika. Mama mmoja kijana, ametoka Mbagala na mtoto wake wa plasta ya tatu, alipoingia, mtaalamu hakuuliza kadi.

"Mama, umemnyonyesha saa ngapi?"

"Sasa hivi tu hapo nje. Alikuwa analia, kaka."

"Ameshiba?"

"Ameshiba, amelala."

"Haya, basi kaa pembeni kidogo. Tutamfunga mwenzio kwanza. Akiamka akidai, usimpe. Njoo naye hivyohivyo."

Mama hakupenda. Alitoka nyumbani alfajiri, amebadili magari mawili, na sasa anapitwa kwenye foleni kwa kosa la kumnyonyesha mwanawe. Lakini alikaa. Baadaye mtoto akaanza kuzungusha kichwa na kutafuta, akaitwa. Akakalishwa kwenye kiti chenye egemeo kando ya meza, mto mapajani, mtoto kwenye mkono wa kushoto, titi mdomoni, mguu wa kulia umetokeza kwa mtaalamu aliyekaa kwenye stuli mbele yake. Nikaandika nilichokiona. Pamba imezungushwa nyembamba. Msaidizi ameshika vidole. Plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Mtoto ameacha kunyonya, macho yamefunguka, uso umekunjika, mtaalamu amesimamisha mkono bila kuambiwa, mama amemgusa shavu, mtoto amerudi kunyonya, mkono umeendelea. Kisha goti likakunjwa, plasta ikapanda hadi pajani. Kisha vidole vitano vikahesabiwa kwa sauti: vipo, vya waridi, vina joto. Hakulia. Sisemi huwa hivyo kila mara, na mtoto aliyemfuata alilia mwanzo mwisho. Nasema hakuna kitu mezani pale ambacho kituo cha afya cha wilaya hakina.

Hiyo ndiyo siri niliyoikuta kote palipo na utulivu, ingawa kila mahali ina sura yake: usiitumie dawa yako kwenye foleni. Mtoto aliyeshiba hataki titi mezani, na aliyenyimwa tangu alfajiri analia hata umpe nini, hajui tena kunyonya kwa hasira. Kinachotakiwa ni kusogeza mlo, si kumfungisha mtoto saumu. Mwongozo unaotumika kufundishia njia ya Ponseti unashauri wazi mtoto atulizwe kwa titi au chupa wakati wa kufungwa. Sasa mweleze hivyo mama wa kutoka Rufiji aliyefika saa kumi na mbili akaitwa saa tano. Foleni zetu haziendi na saa ya titi, na hapo ndipo tofauti yetu na Iowa ilipo. Pale mama amepewa saa yake, anafika, anaingia. Huku wote tumeandikiwa saa mbili. Kisubi walilipunguza tatizo kwa njia ya kienyeji: muuguzi anapita benchi kwa benchi akiwapanga kwa njaa ya watoto, si kwa namba. Watu wazima waliokuja mapema wanaguna, halafu wanaelewa.

Iowa titi lilikuwa mara chache. Chupa ndiyo ilitawala, na chupa ina faida yake. Baba anaweza kuishika. Nilimwona baba mmoja, jitu la futi sita na kofia ya trekta, amemkumbatia mtoto wa siku ishirini na chupa, huku anaimba kwa sauti ya chini sana wimbo ambao nadhani alidhani hakuna anayeusikia. Kwetu akina baba niliwaona wachache, na waliokuwepo walisimama mlangoni wakishika simu. Lakini kwetu kuna jambo jingine: mtoto huletwa na bibi kwa sababu mama yuko kazini au shuleni, na bibi hana maziwa. Hapo maziwa yaliyokamuliwa na kikombe kidogo yanasaidia. Kidole kisafi cha kunyonya kinasaidia. Kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kunasaidia pia. Hilo la mwisho, ambalo wengi tunalijua kama kangaruu, lilianzishwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya watoto njiti, na baadaye likaonekana hupunguza maumivu ya kuchomwa sindano kisiginoni. Bibi hahitaji kufundishwa. Anahitaji ruhusa ya kufungua kanga na kiti cha kukalia.

Sasa sukari, maana ndiyo iliyonisafirisha mbali zaidi. Katika hospitali za Marekani na Ulaya kuna vichupa vidogo vya maji ya sukari, na muuguzi anadondosha matone kwenye ulimi wa kichanga dakika mbili kabla ya kumchoma. Kwa plasta ya mguu kifundo kuna jaribio lililofanyika Kentucky: watoto walipewa maziwa, au maji ya sukari, au maji matupu wakati wa kufungwa. Waliopewa maziwa na waliopewa sukari walionyesha maumivu kidogo kuliko wa maji matupu, na nafuu ya sukari iliendelea hata baada ya plasta kumalizika. Sisi wa pwani tusijifanye tumeshangaa. Katika nyumba za Waislamu kuanzia Lamu hadi Kilwa kichanga hupakwa tende kwenye kaakaa siku za mwanzo. Ni sunna, si tiba, ila ulimi wa mtoto na utamu ni marafiki wa zamani.

Ila kuna watafiti wa London walionitia baridi. Mwaka 2010 Rebeccah Slater na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo yao: waliwapa vichanga sukari kabla ya kuchomwa kisigino, wakarekodi umeme wa ubongo. Nyuso zilitulia. Ubongo haukuonyesha tofauti ya maana. Je, sukari inaondoa maumivu, au inaondoa sura ya maumivu? Mabishano yanaendelea, na mimi nimechagua upande: titi kwanza. Titi lina utamu, lina kunyonya, lina joto, lina harufu ya mama na mapigo ya moyo wake, na mama wa kwetu anayehimizwa kila siku asimpe mtoto hata maji hadi miezi sita hataingiwa na wasiwasi wa sukari. Matone ya sukari yabaki kwa mtaalamu, kwa mtoto asiye na titi karibu. Na asali, ambayo niliona shangazi mmoja ameibeba kwenye kichupa kwa nia njema kabisa, isiguse mdomo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaoweza kupooza hata misuli ya kupumulia.

Msomaji anaweza kuona ninakuza mambo madogo. Basi akumbuke yalikotoka. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi wa nchi tajiri waliamini kichanga hasikii maumivu kama mtu mzima, au akiyasikia hayakumbuki. Mwaka 1985 mtoto njiti wa Jill Lawson alipasuliwa mjini Washington akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila dawa ya maumivu. Akafa wiki chache baadaye, na mama yake akakataa kunyamaza. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford wakaonyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walivuka vizuri zaidi kuliko ambao hawakupewa. Kumbe wataalamu walichelewa, na bibi zetu waliokuwa wakisema "mtoto anaumwa huyo" walikuwa mbele.

Kufungua plasta ni habari nyingine, na hapo sisi tuliwashinda matajiri. Katika mji mmoja wa Ulaya nilioupitia wanatumia msumeno wa umeme. Hauwezi kukata ngozi kirahisi, meno yake yanatikisika tu, lakini unalia kama mashine ya mbao, na mtoto wanamvalisha vifuniko vya masikio vikubwa kuliko kichwa chake. Ukisikia kilio kile hutasahau. Iowa wenyewe, nyumbani kwa Ponseti, wanapenda kisu maalumu cha plasta kuliko msumeno, na plasta inaloweshwa kwanza. Dar na Kisubi msumeno haupo au haufanyi kazi, kwa hiyo kinachofanyika ni sahihi kwa lazima: mtoto anakalishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mama anamwagia, plasta inalainika, ncha iliyoachwa makusudi inatafutwa, na roli linafumuliwa mzunguko mmoja mmoja. Inakuwa kuogeshwa. Niliona watoto wakipiga maji kwa viganja. Mguu uliokaa wiki nzima gizani unatoka umekunjamana, mweupe wa vumbi, na mama anausugua kwa kitambaa akiuongelesha. Angalizo moja: plasta isifunguliwe usiku wa kuamkia kliniki ili kuokoa muda, kwa sababu mguu huanza kurudi ulikotoka. Iloweshwe asubuhi hiyohiyo, ifunguliwe palepale.

Kukatwa ukano nilikutazama mara chache na sina mengi. Ni ganzi, ncha ya kisu, tone la damu, plasta. Wanaopaka dawa ya ganzi juu ya ngozi mapema kabla ya sindano wanafanya vizuri. Jioni hiyo mtoto hulia zaidi ya kawaida. Dawa ya maumivu itoke kwa aliyemtibu, kwa kipimo cha uzito wake, isitoke dukani kwa kukisia.

Lililonigusa Kijabe halikuwa chumbani, lilikuwa kwenye benchi. Hospitali ya watoto iliyopo pale tangu mwaka 1998 inapokea watu kutoka mbali, wengine wamesafiri usiku. Mama mmoja mgeni, aliyemleta mwanawe kwa plasta ya kwanza, alikuwa analia kuliko mtoto. Pembeni yake mama mwingine akamwita kijana wa miaka kama mitatu aliyekuwa akikimbiza chupa tupu ya soda: "We, kuja hapa. Onyesha huyu aunty miguu." Mtoto akainua miguu kwa uvivu wa mtu aliyeombwa hivyo mara nyingi, akarudi kwenye chupa yake. Yule mama akanyamaza. Alipoingia ndani mikono yake ilikuwa imetulia, na mtoto hushikwa na mikono. Iowa hawana benchi. Wana chumba cha kila familia, sofa, picha za twiga ukutani, ukimya wa heshima, na mama aliye peke yake na hofu yake hadi daktari agonge mlango. Wangenipa sofa ningechukua. Wangeniuliza nimpeleke wapi mama wa plasta ya kwanza, ningempeleka kwenye benchi.

Nyumbani usiku wa kwanza wa kila plasta mpya mtoto husumbuka, na wengi hutulia baada ya siku moja au mbili. Mama mmoja wa Kisubi alikuwa anamlaza mwanawe na kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee. Mwingine alimbeba mbele badala ya mgongoni. Hilo ni la kila mtu na mtoto wake. Lisilo la hiari ni vidole: vikigeuka bluu au vyeupe, vikiwa baridi, vikivimba, au vikianza kupotea ndani ya plasta, au plasta ikitoa harufu mbaya, au mtoto akalia bila kutulizika hata kwa titi, hapo si pa kuimba. Ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama karani atanuna.

Na ubao. Watu hushangilia plasta ya mwisho kana kwamba safari imeisha, kumbe ndiyo kwanza wanaingia barabara ndefu: viatu vyenye ubao saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na usingizi wa mchana hadi miaka minne au mitano. Uganda wana aina iliyobuniwa na Mholanzi Michiel Steenbeek, ya ngozi na chuma, inayoweza kutengenezwa na fundi wa hapahapa. Marekani wana vya mpira laini vya bei ya kutisha. Kote nilikopita usiku wa kwanza wa ubao ni kilio, kwa sababu mtoto anajaribu kupiga mguu mmoja na wa pili unakuja nao. Dawa niliyoonyeshwa ni mchezo: shika ubao, ukunje magoti yote mawili pamoja, uyanyooshe pamoja, ucheke naye, hadi agundue kwamba miguu miwili inaweza kwenda kwa pamoja. Mzazi anayevua ubao kwa kumhurumia ndiye anayerudi kliniki mwaka unaofuata kuanza plasta upya. Kurudi kwa mguu kifundo husababishwa na ubao usiovaliwa kuliko jambo jingine lolote. Mhurumie akiwa ameuvaa.

Waganga wafawidhi mnaosoma haya, sina ombi la mashine. Wekeni kiti kimoja chenye egemeo kando ya meza ya plasta, birika palipo na baridi, na mlango usiofungwa usoni mwa mama. Na mwambieni karani wa mapokezi, kabla hajauliza namba ya kadi, aulize mtoto amenyonya saa ngapi.